Kisu cha Barua cha Syombua

Mwaka 1979 nilikuwa karani katika banda la wachongaji wa Kikamba, Gikomba. Wanaume walichonga, wanawake walipiga msasa. Syombua, Mama Ndanu wa mtaa wa Mbotela, alikuwa mmoja wa wanawake hao. Mumewe Kitonga, mchongaji, alipofariki, Syombua alibaki na tezo yake ya kuchongea, lakini kigoda cha marehemu kilikaa kitupu pale mlangoni. Syombua alikitaka, naye akae achonge.

"Shemeji, rudi kwenye msasa," Mbithi, mdogo wa Kitonga aliyekuwa mchongaji pia, alimwambia. "Hicho kigoda kitakuvunja kiuno."

"Wewe unakaa kwenye chako miaka yote, na twiga wako bado wana shingo za mbuzi!"

Tulicheka sana. Kigoda hakupewa.

Julai mnunuzi mmoja alirudisha sanduku zima la visu vya kufungulia barua. Vipini vilipendeza, vya simba na twiga, ila mabapa yalikuwa manene, hayaingii kwenye bahasha. Bandani hakuna aliyewahi kukitumia kisu cha namna hiyo. Barua zetu tulizichana kwa kidole. Mwenyekiti, Mzee Matheka, akatangaza kuwa atakayeleta kisu kinachofungua bahasha bila kuirarua ndiye atakayekaa kwenye kigoda cha Kitonga.

Syombua alikuwa na kazi nyingine jioni, kuwasuka majirani. Nywele alizigawa kwa kisu cha barua kilichopasuka, alichokiokota bandani. Mwanzoni wateja walilia kwa maumivu, akawa analipunguza bapa hadi nchani kidogo kidogo mpaka likapita kichwani bila kukwaruza. Sasa alichonga kingine chenye bapa kama lile, kipini kitupu, bila mnyama.

Siku ya kujaribu, Mbithi alitangulia. Bahasha ilipasuka vipande viwili.

"Simba amekula barua!" akapiga kelele mama mmoja wa msasa.

Syombua akaingiza ncha pembeni, akavuta taratibu. Bahasha ikafunguka, ukingo umenyooka. Matheka akaigeuza huku na huku, akampa ya pili. Ikafunguka vilevile. Mzee akakipangusa kigoda kwa kofia yake mwenyewe.

"Kaa, Mama Ndanu."

Wanawake wakapiga vigelegele mpaka wauza mitumba wakaja kuchungulia.

"Lakini hata kuku hajui kumchonga!" Mbithi alilalamika.

"Utanifundisha kuku, shemeji," Syombua alisema, akikaa. "Nami nitakufundisha bapa. Sogeza kigoda chako hapa."

Mbithi akakisogeza.