Njiwa Aliyefukuzwa Akatua Kichwani Kwangu

"Huyo ndege ni wako!"

"Wangu? Tirza, ndege wa porini huyo, kanipenda tu—"

"Kakupenda? Amekukalia kichwani kama kofia!"

"Labda kachoka—"

"Nahshon, usinifanye mtoto!"

Jamani, msicheke. Tuko katikati ya msitu wa mialoni, milima ya Galilaya, kundi zima limenitolea macho. Kichwani kwangu kuna njiwa, katulia tuli.

Ni Malka. Njiwa wangu wa kufuga.

Tirza kazi yake ni kutembeza watu porini, akiwafundisha Torati inataka tuishi vipi na miti, wanyama na ardhi. Siku hiyo tulitafuta kiota. Kwetu Wayahudi kuna amri: ukimkuta ndege kalalia mayai, usibebe mama na mayai pamoja. Mama mfukuze kwanza, aende zake. Hata ukiwa na njaa, pori usilimalize.

Ila lazima awe ndege wa porini, asiye na mwenyewe. Wa kufugwa hahesabiki.

Mimi hapo nikaona kichekesho. Alfajiri nikambeba Malka na kiota chake chenye mayai, nikamtegesha kichakani kando ya njia. Nilijua akifukuzwa tu, anakuja kwangu. Watu watavunjika mbavu!

Tirza akakiona. "Nani anataka kuitimiza amri?"

Akajitokeza Yiska, mwanamke mpole aliyekuja na mumewe, Peretz. Akapunga mkono, shuu! Malka akaruka. Yiska akayainua mayai, akayaweka kifuani, akafumba macho, midomo inacheza bila sauti.

Machozi yakamshuka.

Malka akatua kichwani kwangu. Nikaangua kicheko.

Nilicheka peke yangu.

Ndipo Tirza akanivaa kama mlivyosikia. Peretz akamsubiri amalize, akanisogelea. Hakupaza sauti.

"Miaka yote ya ndoa yetu hatujapata mtoto. Wazee husema anayetimiza amri hii hujaliwa. Tumezunguka misitu mingi tukitafuta kiota."

Nikatafuta pa kuuweka uso wangu, sikupapata.

"Chuo cha Torati ulikikimbia," Tirza akaniambia, "kumbe na akili uliiacha hukohuko!"

Kweli mzaha mzaha hutunga usaha. Tatizo ni kwamba kidonda hakikuwa changu, kilikuwa cha mwenzangu.

Nikapiga magoti kwenye majani makavu. "Dada Yiska, nisamehe. Nitakutafutia kiota cha kweli, hata nimalize Galilaya nzima."

Yiska akayarudisha mayai kiotani taratibu, akajifuta macho.

"Huyu ndege anakufuata popote?"

"Popote, dada."

"Hata nyumba za watu?"

"Hata huko." Sauti ilinitoka kama ya panya.

Peretz akamwangalia mkewe, haelewi.

"Basi Ijumaa njoo kwetu, tule mlo wa kuikaribisha Shabati. Uje naye. Na hicho kicheko chako usikiache nyumbani. Meza yetu ina ukimya mwingi mno."