Kisiwa Kisichoonekana kutoka Kashikishi

Nilipokuwa mtoto, nchi niliyoijua vizuri kuliko zote ilikuwa Shelisheli. Zambia tulikuwa tunakaa tu, Kongo tuliikimbia nikiwa bado nabebwa mgongoni, lakini Shelisheli niliisomea hasa. Mwalimu wangu alikuwa dada yangu mkubwa, Yaya Ngoie, maana kwetu dada mkubwa huitwa yaya. Bwana mmoja wa Lubumbashi alikuwa amemwahidi kazi ya kutandika vitanda katika hoteli ya huko, na yaya hakuwa mtu wa kwenda mahali kichwa kitupu. Aliisoma nchi nzima kwenye simu yake, kisha akanifundisha mimi huku tukigeuza chisense, vile visamaki vidogo tunavyovianika juu ya mchanga wa ziwa hapa Kashikishi, upande wa Zambia.

Nilijua kwamba mji mkuu unaitwa Victoria. Nilijua kwamba kisiwa kikubwa ni Mahe, na ukubwa wenyewe ni wa kujisifia tu, kwa sababu ukiondoka na gari asubuhi unakizunguka chote na kurudi kula mchana. Praslin kunaota nazi zenye umbo la nyonga za mwanamke, habari ambayo mama alitukataza kuirudia. La Digue watu wanatembea kwa baiskeli. Kuna kobe wakubwa wanaoishi mpaka wanawazika waliowafuga. Watu wanaongea Krioli, na yaya, mwenye Kifaransa chake cha sokoni, alisema nusu yake anaikamata tayari. Tena hakuna baridi mwaka mzima. Hilo alilipenda kuliko yote, maana kifua chake kilikuwa kibaya na kila Juni alikohoa mpaka tunamhurumia.

Nyumbani kwetu mtu mmoja tu hakuifurahia Shelisheli. Ni nkambo, mama yake mama, mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa, aliyezaliwa upande wa pili wa ziwa. Miezi ya joto, kabla mvua hazijaanza, nyuma ya kisiwa cha Kilwa, kile cha humu ziwani, huwa kinatokea kisiwa kingine, kina miti na kitu kama moshi, halafu kinayeyuka. Wavuvi hawakinyooshei kidole. Nkambo alisema ni kijiji cha waliokufa bila kuzikwa. Kisiwa cha watu walio hai, kwake yeye, ni kile unachokikuta palepale kila unapoamka.

Jioni moja tunakula, akamuuliza yaya:

“Ile kisiwa yako, tunaweza kuiona toka fasi hii?”

“Hapana, nkambo. Iko mbali sana. Ndege tu njo inafikaka.”

“Kisiwa ya batu, tunaionaka. Yenye haionekanake iko ya bafu.”

Yaani kisichoonekana ni cha wafu. Mama akacheka. Yaya akacheka zaidi. Mimi pia nilicheka, kwa kiburi cha mtoto anayejua jina la mji mkuu.

Asubuhi ya safari, yaya alikuwa ndani anafunga begi, boti ya kuvuka kwenda Kongo ikimsubiri, tukasikia nkambo anapiga yowe uani. Tulitoka mbio tukidhani ameumwa na nyoka. Tulimkuta amezima moto wa jikoni kwa maji, amefunga kitambaa kichwani, ameketi chini kwenye vumbi miguu ameinyoosha, analia kilio kamili cha maiti na kumtaja yaya kwa majina yake yote.

Sasa, watu wa Kashikishi wana desturi moja nzuri mno. Wakisikia kilio hawaulizi kwanza, wanakuja. Mara wanawake wa jirani wakaanza kuingia, huyu na kuni kichwani, yule na unga kwenye beseni, wengine wameshaanza kulia tangu njiani. “Nani afwa?” wakauliza kwa Kibemba, nani amekufa, na marehemu mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni na begi lake jekundu na nywele mpya za kusuka. Mwanamke mmoja alimwangalia yaya, akaangalia kuni zake, hakujua azitue au arudi nazo.

“Nkambo, unanipatisha haya!” yaya alisema. “Mi niko muzima! Angaliya!”

“Njo maana niko nakulilia sasa, wakati niko nakuona.”

Mama alikasirika kuliko nilivyowahi kumwona. Alimwambia mama yake kwamba anamlaani mtoto, kisha akamshika yaya mkono na kumpeleka ufukweni bila kugeuka nyuma. Nkambo hakuwafuata. Alikaa kilio chake siku zote zinazotakiwa, peke yake na wale majirani wachache walioona aibu kumwacha. Kisha akaoga, akawasha moto, akapika. Baada ya hapo hakulitaja tena jina la yaya, na nilimchukia kwa ajili hiyo.

Yaya alipiga simu baada ya muda, na mama akaweka sauti kubwa ili majirani wasikie.

“Mama, tuko karibu kufika. Huku baridi inatuua, nimevaa koti ya mutu. Tangu jana tuko mu gari, barabara haiishake.”

Mama alipiga vigelegele. Mimi nilikuwa na sahani mkononi, nikaiweka chini.

“Mama,” nilisema, “Mahe unaizunguka asubuhi moja. Na haiko baridi.”

“Nyamaza, mutoto. Unajua nini?”

Nilijua vile yaya alivyonifundisha, basi. Simu ile haikupatikana tena. Mama alikwenda Lubumbashi, akakuta yule bwana amehama. Alizunguka maofisini, kila mahali wakamwambia arudi kesho, mpaka akabakiwa na nauli ya kurudi Kashikishi tu. Hatujui ni nchi gani yenye baridi na barabara ndefu iliyommeza mtoto wetu. Nkambo alifariki mvua za mwaka uliofuata, akiwa ametulia kama mtu aliyemaliza kazi zake.

Nimekuwa mtu mzima, na siamini habari za kile kijiji cha wafu. Ni joto linalocheza juu ya maji. Lakini siwezi tena kumcheka nkambo. Alikosea kisiwa, hakukosea kulia. Alichukua kilio chake mapema, mtu wake akiwa mbele yake, na kikaisha. Sisi tuliobaki tukisubiri hatukupewa siku ya kuanza kilio. Padri alipopendekeza misa ya kumwombea yaya, mama alimfukuza. Mtoto wake hajafa, alisema, na asiyekufa haombewi hivyo.

Ila siku hizi mama hakosi msiba hata mmoja kuanzia hapa mpaka Mununga. Akisikia kilio, hata cha watu asiowajua, anachukua kuni na kuondoka. Anaketi chini karibu na maiti na kulia kuliko wenyewe, mpaka sauti inamkauka na inabidi nimfuate. Juzi ilikuwa kwa mzee mmoja wa Kibemba ambaye hatujawahi kusalimiana naye. Binti wa marehemu alinisogelea, akaniuliza kwa upole mama yangu alikuwa nani kwa baba yake.

Nilimwambia kweli, kwamba si ndugu yake. Mama alinisikia, wala hakuinua kichwa, akaendelea kulia.