Hati Bila Minazi

Mtu aliyetuandikia hati ya nyumba ya mama alikuwa na mihuri mitatu, na hakuna hata mmoja uliosomeka. Alikaa kwenye kibaraza cha duka pale Kisarawe mjini, taipureta mbele yake, na mwilini koti zito la bluu ambalo hata jua la Januari halikumvua. Zamani aliwahi kuwa karani wa mahakama. Mahakama gani, hakuna aliyejua. Kwa nini aliondoka, hakuna aliyeuliza. Watu walimwita wakili, naye aliitika.

Nimemdharau mtu huyo miaka mingi na dharau yangu haijapungua. Lakini aliyempeleka mama kwake ni mimi, kwa hiyo fungu langu la lawama nalichukua mapema.

Ilikuwa miaka ya mwanzo baada ya Azimio la Arusha. Nilikuwa karani Tumbi, Kibaha, na nilijiona kweli kweli. Nilitembea na kalamu nyweleni hata siku ya Jumapili. Mama yangu aliachwa na baba nikiwa darasa la pili, na tangu siku hiyo akawa anaishi Marui kwa kaka yake, katika chumba cha uani. Mjomba hakuwa mtu mbaya. Ila mkewe, kila akipata wageni, alimwambia mama, "Wifi, hebu jisogeze kidogo," na mama alikunja mkeka wake akasogea. Alisogea miaka kumi na minne. Alichokitaka duniani ni nyumba ambayo hakuna mtu atakayemwambia asogee, basi.

Nyumba ikapatikana Msimbu. Mzee mmoja alikuwa anahamia Dar es Salaam kwa watoto wake, akawa anauza nyumba yake ya udongo iliyoezekwa makuti, pamoja na minazi kumi na miwili iliyoizunguka. Tulielewana bila maneno mengi.

Kwetu mauziano ya namna hiyo yana utaratibu wake. Majirani huitwa. Muuzaji hutangulia, mnunuzi humfuata, majirani nyuma yao, wakazunguka eneo lote. Kila mti muuzaji huushika kwa mkono na kusema, "Huu nimemuuzia fulani," kisha mnunuzi naye huushika. Mti ambao haukushikwa haukuuzwa. Wakimaliza hukaa wakanywa kahawa na kashata, ikasomwa dua, mambo yakaisha. Hati ikiwepo ni sawa. Isipokuwepo, majirani wameona.

Mama alikuwa ameshakaanga karanga za kashata. Nikamwambia aache.

"Mama, hayo mambo ya zamani. Siku hizi ni hati. Ikishapigwa muhuri hakuna wa kuipinga."

"Na majirani?"

"Majirani wa nini, mama? Wazunguke wanashikashika miti, watu watucheke?"

Alinitazama. Nadhani alikuwa anatafuta mahali pa kunikatalia, asipaone, maana yeye mwenyewe ndiye aliyeuza vitumbua ili nisome.

"Haya, mwanangu. Wewe ndiye uliyekwenda shule," akasema. Karanga akawapa watoto wa mjomba.

Pale kibarazani tulifika pamoja na mzee muuzaji. Wakili wetu hakumwamkia mama, ingawa mama alimzidi umri. Alisubiri aamkiwe. Kisha akavuta karatasi, akaanza kuchapa kwa vidole viwili huku akitamka kwa sauti: nyumba moja ya miti na udongo, vyumba vitatu, milango minne, choo kimoja cha nje.

"Na minazi, baba?" mama akauliza.

Vidole vikasimama. "Minazi imesimama juu ya nini, mama?"

"Juu ya ardhi."

"Ardhi ni mali ya nani?"

Mama akanigeukia mimi.

"Ya umma!" akajijibu mwenyewe, kwa nguvu, mpaka mwenye duka akachungulia. "Ukiandika minazi, umeandika ardhi. Unataka mzee wetu huyu aitwe kabaila? Nyumba inatosha. Aliyenunua kuku haandikiwi manyoya."

Mzee muuzaji akacheka. Mimi nikacheka kuwapita wote, nikaona huyu ndiye mtu aliyebobea. Mpumbavu mkubwa yule. Mkulima yeyote wa Msimbu, hata asiyejua kusoma, angemwambia kwamba ardhi kweli ni ya umma, lakini mnazi ni wa aliyeupanda, na unauzwa kwa kutajwa. Debe tupu lile lilivuma, nasi tukalilipa kwa kuvuma kwake. Mama akatia dole gumba. Ikapigwa mihuri yote mitatu, mmoja juu ya mwingine.

Kabla mwaka haujaisha, yule mzee akafariki huko Dar. Arobaini ilipopita, mdogo wake, aliyekuwa amebaki Msimbu, akaja asubuhi na mkwezi, akaanza kuangusha nazi uani kwa mama.

"Dada yangu, kaka alikuuzia nyumba," akamwambia mama kwa upole kabisa. "Minazi ni ya kwetu. Au yupo aliyemwona akikushikisha?"

Nikatoka Kibaha mbio na hati yangu ndani ya bahasha. Nilipita kwanza kwa wakili. Aliisoma, akakuna shingo, akaniambia hati haina kasoro yoyote, ila kwa kitu kidogo angeweza kuniandikia nyingine. Nilitamani kumvua lile koti.

Shauri likaenda mbele ya wazee wa baraza. Niliwasomea hati nimesimama, kwa sauti ya ofisini. Nyumba, vyumba, milango, choo. Wazee walisikiliza mpaka mwisho, wakangoja minazi, minazi haikuja. Wakawageukia majirani. Mmoja mmoja wakasimama, na kila mmoja alisema neno lile lile: "Sisi hatukuitwa." Halikuwa neno la ushahidi tu. Walikuwa wameumia, na mimi ndiye niliyewaumiza.

Ndipo mwenyekiti akamgeukia mama. "Mama, wewe si mgeni wa mambo haya. Umezaliwa Marui hapo. Ilikuwaje ukanunua mahali usiwaite majirani?"

Nilikuwa nimekaa pembeni yake, bega kwa bega. Nilimwona akivuta kanga yake begani. Nilijua sasa anasema, na nilijua ni haki yake kusema.

"Nilisahau, mwenyekiti," mama akasema. "Uzee."

Watu wakacheka. Mama yangu, aliyekariri nasaba ya kila nyumba kuanzia Marui mpaka Msimbu, aliyejua nani alimwachia nani mti upi, akasimama mbele za watu wale akawa kikongwe aliyepoteza akili. Karani wa baraza akaandika: alisahau. Mimi nilikuwa na kalamu nyweleni na hati mapajani, na mdomo wangu ulikuwa mzima, lakini sikuufungua.

Wakaamua nyumba ni ya mama, minazi ni ya ukoo wa marehemu. Wenye minazi hawakumpa hata kuti moja, na kuwaomba majirani aliona haya. Masika ya pili paa likaoza, maji yakaingia mpaka kitandani. Mama akarudi kwa kaka yake Marui, na ndiko alikofia.

Msimbu wanamkumbuka mpaka leo. Nikipita huko, wazee wananiuliza kama mimi ndiye mtoto wa yule bibi aliyesahau kuita majirani. Nawajibu ndiyo.