Mstari Mwekundu wa Arvid Tollefson

Arvid Tollefson hamwamini mtu. Sisemi hivi kumsengenya, maana hata mimi haniamini, na tumekunywa kahawa meza moja kila Jumanne kwa miaka kumi na mmoja. Alikuwa mpanga safari za treni za madini hapa Two Harbors, mji wetu mdogo wa bandari, na maisha yake yote ya kazi aliyamaliza mbele ya karatasi ya miraba, kila treni na mstari wake. Dereva akisema kwenye redio kwamba amefika, Arvid alingoja mpaka mstari ukubali.

Alipostaafu alibaki na penseli na kazi moja tu: kutunza pesa za dada yake. Ardis alifiwa na mumewe, akauza nyumba kubwa, na Arvid akaziweka pesa zile kwenye mfuko wa hatifungani za mikopo ya nyumba. Watu wasiojulikana, huko na huko nchini, wanalipia nyumba zao kila mwezi, na malipo yao yanakusanywa mpaka yanamfikia mjane wa huku kwenye theluji. Watu hao Arvid hakuwaamini hata kidogo.

"Nitajuaje kama bado wana kazi?" aliniuliza siku moja, kana kwamba mimi ndiye niliyewakopesha.

Kwa hiyo akajiwekea kanuni. Kila jioni aliweka nukta ya penseli kwenye bei ya kipande kimoja cha mfuko. Kwa wino mwekundu alichora wastani wa siku hamsini, na chini ya karatasi akaandika kasi, yaani bei ya leo kutoa bei ya wiki nne zilizopita. Bei ikiwa juu ya mstari mwekundu na kasi ni nzuri, lala usingizi. Bei ikizama chini ya mstari na kasi ikawa hasi, uza vyote siku hiyohiyo, usisikilize maneno ya mtu.

Ardis naye alikuwa na kanuni yake. "Usiuze bila kunipigia simu," alimwambia, akikata keki. "Siku utakayouza kimyakimya utanirudishia neno langu la siri la akaunti, na hutazigusa tena pesa zangu." Hakupandisha sauti. Huku kwetu asiyepandisha sauti ndiye wa kuogopwa.

Barua za mfuko Ardis alisema hazifungui. Alikuwa akiandika tarehe pembeni mwa bahasha, anaitia kwenye kopo la biskuti la bluu, na Jumapili baada ya ibada kaka yake anakuja kuzifungua na kumsomea. Mimi ndiye niliyekuwa nikimpeleka Arvid kwa gari, na mimi ndiye niliyegawa barua mtaa ule miaka ishirini na sita, kwa hiyo nilijiona nina haki ya kukaa mezani na kusikiliza.

Desemba iliyopita dhoruba ya theluji ilitufungia ndani Jumapili nzima, hatukwenda. Jumatatu jioni bei ya kipande ikaanguka senti ishirini na nane kwa mpigo. Jumanne asubuhi Arvid akaingia mkahawani na karatasi ndani ya koti, akakaa akiupa ukuta mgongo.

"Tazama," alininong'oneza. "Mwaka mzima haijashuka zaidi ya senti sita kwa siku. Imezama chini ya mstari, na kasi imekufa."

"Labda wamekosea kuandika."

"LaVonne, acha utoto. Kuna watu wameacha kulipia nyumba zao, na wakubwa wa mfuko wanajua. Wao wameshatoka zamani!"

"Basi mpigie dada yako."

"Nimpigie amwambie Kirby?" Kirby ni mkwe wa Ardis, anauza bima, na anazimezea mate pesa zile tangu msibani. "Yule akinusa tu, kesho ziko mfukoni mwake."

"Mzee, alikwambia umpigie."

Akanitazama kwa jicho la pembeni. "Wewe umetumwa na nani?"

Nikarudi kwenye kahawa yangu, na mpaka leo najilaumu. Akaenda maktaba, akaketi kwenye kompyuta, akauza vyote.

Jumapili iliyofuata Ardis alitumiminia kahawa, akatuwekea lefse, zile chapati laini za viazi, zenye siagi na sukari. Hakuuliza kitu. Kopo la bluu lilikuwa na bahasha mbili. Arvid akaichana ya kwanza, ya Alhamisi kabla ya dhoruba, akaanza kusoma kwa ile sauti yake ya kituoni. Alipofika katikati akaiweka mezani.

Nikaichukua barua nikaimalizia. Ilisema kwamba Jumatatu mfuko utawalipa wenye vipande gawio la mwisho wa mwaka, senti ishirini na nane kwa kila kipande, na kwamba siku hiyo bei itapungua kiasi hichohicho. Bahasha ya pili ilikuwa na hundi yenyewe. Hakuna aliyeacha kulipia nyumba wala aliyetoroka. Senti zile zilitoka kwenye bei zikaja kulala ndani ya kopo, na karatasi ya Arvid haikuwa na mahali pa kuziandika.

Nilimwona akipiga hesabu. Angeweza kununua tena kesho yake asubuhi na kufunga mdomo. Alinitazama mimi, shahidi wake, na nadhani aliniogopa. Kisha akaweka kisu cha barua mezani.

"Nimeuza, dada. Jumanne. Vyote."

"Najua," alisema Ardis. "Simu yangu ililia Jumanne mchana, nikadhani ni wewe. Ulikuwa ujumbe wa mfuko, kwamba vipande vyangu vimeuzwa."

Mimi nilikuwa bado nimeishika bahasha ya kwanza, na vidole vyangu vya mgawa barua havijastaafu. Gundi ya kifuniko ilikuwa imejikunja, kama iliyolowa ikakauka. "Ardis," nikasema, "hii imefunguliwa kwa mvuke."

"Birika langu linachemka vizuri."

"Ulikuwa umeshaisoma!" Arvid alisimama. "Ulinitega!"

"Nilikungoja. Ungeniuliza ningekusomea. Jumatatu usiku nilikaa karibu na simu, na Jumanne nikakaa tena."

"Kumbe zote unazisoma! Miaka yote hii unanifanya nichane bahasha kama karani wako, ya nini?"

Ardis alikunja lefse yake taratibu. "Ungekuja kwa sababu gani nyingine, Arvid?"

Arvid akaketi tena. Alitoa kikaratasi kwenye pochi, chenye neno la siri kwa mwandiko wake mdogo, akamwekea dada yake kando ya sahani. Nilimhurumia kuliko nilivyotarajia. Ardis alikipokea, akakitia kwenye kopo la bluu, akafunika. Kisha akamwambia aje Jumapili ijayo, saa ileile.

Ndani ya gari, tulipopita kanisa, Arvid alinigeukia.

"Amesema nije," alisema. "Barua sisomi tena, pesa sishiki tena. Unadhani anataka nini?"

Nilimwambia afunge mkanda.