Bi Mkubwa na Kamba ya Bluu

Jumanne, tarehe kumi na nne. Mawingu mazito tangu alfajiri, upepo wa baridi kidogo. Mvua ilidondosha matone ya kuhesabika, ikakata tamaa.

Saa mbili asubuhi siku hiyo, Mama Sentimita alitemewa mate usoni na mnyama aliyemlea kwa chupa tangu akiwa wa siku nne.

Jina hilo alipewa na mumewe, kwa kuwa futikamba haimtoki mfukoni. Wanafuga lama wa kimo kifupi: wanyama wa manyoya na shingo ndefu, mfano wa ngamia asiye na nundu aliyefuliwa kwa maji ya moto akasinyaa. Kila lama akitimiza miaka mitatu hupimwa kutoka chini hadi begani. Akizidi sentimita tisini na sita na nusu, haitwi tena mdogo, na kazi yote ya kuchagua baba na mama imekwenda na maji. Wapo kumi na mmoja. Mfupi kuliko wote ni jike wa sentimita themanini na tisa, na huyo ndiye Bi Mkubwa.

Mama Sentimita alijifuta kwa upindo wa aproni, akabaki amesimama palepale. Hakukasirika. Alikuwa anajiuliza.

Lama jike akitema mate, kwao ni habari. Hawana mashine ya kupima mimba, na daktari wa mifugo yuko mbali, kwa hiyo hutumia njia ya wafugaji: dume huletwa kwa kamba hadi kwa jike. Jike mtupu hupiga magoti, akamkubali. Mwenye mimba hutema mate na kukimbia. Bi Mkubwa alipandwa mara moja na dume waliyemwita Bwana Harusi. Wiki mbili baadaye alipimwa, akatema. Wakafurahi, wakahesabu miezi kumi na moja na nusu. Siku zikafika, zikapita. Wakampima tena, akatema. Mwezi uliofuata, akatema. Sasa ulikuwa mwezi wa kumi na nne, na tumbo lake bapa kama sinia.

Shemeji yake Mama Sentimita, mdogo wa mumewe na mwenye nusu ya mifugo, alikwisha kuchoka. Alikuwa amempata mnunuzi wa kumfuga kama pambo la bustani. "Ijumaa nakuja," alisema. "Akipiga magoti, ni tasa, anaondoka."

Lakini asubuhi ile hapakuwa na dume. Mama Sentimita alikuwa peke yake na toroli la samadi, na begani ameweka kamba ya bluu ya Bwana Harusi, anakwenda kuifua.

Aliitundika kamba kwenye ua, akarudi nyuma hatua kumi. Bi Mkubwa akalaza masikio, akainua pua, akatema. Akaiondoa, akatundika gunia. Kimya. Akatundika kamba ya katani. Bi Mkubwa akaja kuinusa, akaitafuna ncha. Akarudisha ya bluu.

"Unaanika nini hapo tangu asubuhi?" mumewe aliuliza kutoka mlango wa banda.

"Naanika swali."

"Likikauka uniite."

Hadi Alhamisi alikuwa amelirudia jambo hilo mara tisa, kila mara akiandika saa na lililotokea. Kamba ya bluu, mate. Kitu kingine chochote, hakuna mate. Jioni alifungua daftari la mwaka uliotangulia, akafuatisha mistari kwa kidole hadi alipopata siku ya kunyoa manyoya. Hapo palikuwa na mwandiko wake mwenyewe: *Bi Mkubwa kafungwa miguu kwa kamba ya bluu. Kalia sana. Kakatwa ngozi kidogo ubavuni.* Siku sita tu baada ya kupandwa. Kamba ya dume ilikuwa imekatika wiki hiyo, wakachukua ile ya kunyolea, na tangu hapo dume huletwa kwa hiyo.

Akamwonyesha mumewe. Mzee alisoma mara mbili, akavua miwani.

"Kwa hiyo alikuwa anaitemea kamba."

"Miezi kumi na minne. Na sisi tunampongeza."

"Basi usiguse kitu," mumewe alisema taratibu. "Kesho mlete dume kwa kamba ileile. Atatema, mdogo wangu atarudi kwake, yaishe."

"Atatema, ndiyo. Halafu mimi nitajua nini?"

"Utajua kwamba Bi Mkubwa wako bado yupo."

Mama Sentimita akafunga daftari. Usiku alijigeuzageuza kitandani mpaka mumewe akamwambia aende akalale na lama.

Ijumaa shemeji alifika na viatu safi, akaegemea ua. Mama Sentimita akamleta Bwana Harusi kwa kamba ya katani. Bi Mkubwa alinyoosha shingo, akamnusa dume, akageuka kidogo. Kisha akapiga magoti, taratibu, mbele ya macho ya wote. Mume akatazama chini.

"Haya, shemeji," mgeni alisema. "Umemwona mwenyewe. Mtupu."

"Nimemwona. Mrudishe dume kwanza, halafu usome hapa."

Alimpa daftari, kidole kikiwa kwenye tarehe. Shemeji alisoma akisogeza midomo. Akataka aone kwa macho, naye akaenda kuichukua kamba ya bluu mwenyewe. Hakufika nayo kwenye ua. Mate yalimpata kifuani, na mengine viatuni.

"Tasa ni aliyepandwa mara kwa mara asishike mimba," Mama Sentimita alisema. "Huyu kapandwa siku moja. Kila tulipotaka kumrudia, tulimzuia sisi wenyewe."

Shemeji alijipangusa kwa jani.

"Ungemleta dume kwa hii kamba leo, ningeondoka nimedanganyika."

"Ungeondoka. Ningebaki nami nimedanganyika."

"Mwanamke mgumu wewe. Mpandishe. Wiki mbili nakuja kumpima kwa kamba yako hiyo ya katani. Akitema, sisemi neno mpaka azae. Akipiga magoti, mnunuzi anamchukua, na daftari lako ulifunge."

"Sawa, shemeji."

Jumamosi asubuhi palikuwa na jua jepesi. Mama Sentimita alimwingiza Bwana Harusi kwa kamba ya katani, akafunga lango, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akiwa na saa mkononi. Alihesabu dakika ishirini na tatu. Kisha akamtoa dume, akampa Bi Mkubwa konzi mbili za majani makavu, akaandika tarehe, na chini yake: *siku ya kwanza.*