Valvu Iliyonyamaza

Miaka ile ya hamsini, katika wilaya nzima ya Kericho, hakukuwa na Mwafrika mwingine mwenye diploma ya kazi ya maji. Nasema hivi kwa sababu ni kweli, na kwa sababu wako waliojaribu kuifanya ionekane kitu kidogo. Sikusomeshwa na chifu wala na misheni. Nilichuma chai nikiwa mtoto, nikauza ngozi za ng'ombe sokoni Kapkatet, nikasoma hesabu kwa njia ya posta miaka minne, na siku niliyopanda meli kwenda Uingereza koti nililovaa lilikuwa langu, si la kuazima.

Niliporudi, mhandisi Mzungu wa mji wetu aliniajiri niwe nyapara wa mabomba. Kabla yangu kazi hiyo ilikuwa ya Mhindi mmoja aliyekuwa amestaafu, na hakuna aliyetarajia kwamba baada yake angekuja mtu wa rangi yangu. Mzungu alinipa masharti kwa Kiswahili chake cha setla, huku akijaza kiko chake tumbaku.

"Miezi sita mimi natazama wewe. Kama kazi mzuri, wewe nakaa. Kama kazi mbaya, kwaheri."

Basi miezi sita. Nilikuwa nimevuka bahari kwa ajili ya kiti kile, na nyumbani kwetu walikuwa wamekwisha kuchinja fahali kunipokea. Kukikosa kiti kile kungekuwa kurudi kwenye vikapu vya chai mbele ya watu wale wale waliokula nyama yangu.

Kulikuwa na mtu mmoja kazini ambaye sikuona haja ya kujihadhari naye. Tulitahiriwa siku moja, asubuhi moja ya baridi, kwenye mteremko karibu na Kapkatet, tukakaa menjo moja, yaani kile kibanda cha porini ambamo vijana waliotahiriwa hufichwa mpaka wapone na kufundishwa. Tulilala chini ya ngozi moja. Watu wa menjo moja hawapelekani mbele ya mkubwa yeyote. Wakikoseana, humaliza wenyewe. Hilo halikuandikwa mahali, lakini sikuwahi kusikia mtu wa rika letu akilivunja.

Tena ni yeye aliyenitia katika kazi ya maji kabla sijasafiri. Ndiye aliyenionyesha jinsi ya kusokota katani na kuipaka mafuta, kisha kuishindilia kuzunguka shina la valvu ili isivuje. Nilipoondoka alikuwa fundi wa kwanza. Niliporudi alikuwa bado fundi wa kwanza, isipokuwa sasa mimi nilikuwa juu yake.

Siku ya kwanza alinipokea langoni kwa kicheko.

"Umerudi, ndugu yangu! Kumbe Ulaya wananenepesha kichwa tu, mwili wanauacha ulivyo."

"Kichwa ndicho kilichoitwa," nikamjibu, na wote wakacheka, naye akacheka kuliko wote.

Walinibandika jina la Bwana Diploma. Mmoja wao aliniuliza, uso umekauka kama jiwe, "Bwana Diploma, hebu tuambie, maji ya kule kwao yanateremka au yanapanda?" Sikukasirika. Nilijua kwamba mtu akikutania anakupima. Nilichofanya ni kuinyoosha kazi. Nilikataa spana kutupwa matopeni. Nilikataa bolti kukazwa upande mmoja mpaka mwisho kabla ya kugusa upande wa pili. Nilinyoosha hata maneno. Sisi Wakipsigis ulimi wetu huchanganya, na mafundi wote walisema "pomba." Niliwasahihisha hapo hapo, yeye pamoja nao, mbele ya watu. "Si pomba, ni bomba. Pombe ni ile ya Jumamosi." Walicheka. Yeye safari hiyo alitabasamu tu, akaendelea kukunja mikono ya shati.

Mwezi wangu wa tano kazini, valvu ya njia panda ya hospitali ilianza kuvuja. Nilikwenda kuitazama. Shina lilikuwa limelika, na lango la ndani halikushuka tena mpaka chini. Hiyo haikuwa ya kutengeneza. Ilikuwa ya kutoa na kuweka nyingine. Valvu mpya ilikuwako stoo, ya inchi sita, imefungwa kwa karatasi ya mafuta. Niliomba ruhusa, nikaandika mpango wa kurasa mbili, na Mzungu alipousoma alisema, "Mzuri sana." Nilitoka ofisini nikijua kwamba kazi ile ikienda sawa, mwezi wa sita ungekuwa wa kungoja barua tu.

Ili kuitoa ya chini ilibidi tufunge kwanza valvu ya juu, karibu na kiwanda cha chai, ambako bomba kubwa linashuka kutoka kwenye tangi la kilimani. Valvu ya juu ilikuwa kuukuu, ya kabla ya vita. Kwenye ramani ya ofisi ilichorwa sawasawa na nyingine zote, kwa hiyo nilijua inafungwa kwa kuzungushwa kulia. Zote zilifungwa kulia. Hata mfuniko wa chupa hufungwa kulia.

Ilikuwa Jumatano asubuhi, mvua haijaanza. Tuliondoa kifuniko cha shimo, tukateremsha ufunguo mrefu wa chuma wenye mkono kama msalaba, nikaushika mwenyewe. Nilizungusha kulia. Ulikwenda vizuri, mizunguko saba, halafu ukagonga mwisho na kukataa.

Kila mtu wa maji hujua kusikiliza. Unaweka sikio kwenye mkono wa ufunguo, na chuma kinakuletea sauti ya maji kutoka chini. Yakipita, utasikia mluzi. Chuoni tulifundishwa hivyo hivyo. Masikio ya mwenzangu wa menjo yalikuwa bora kuliko ya mtu yeyote pale, sifa hiyo sikumnyima wakati ule na simnyimi sasa. Nikamwambia, "Hebu sikiliza."

Aliinama, akaweka sikio kwenye chuma, akafumba macho. Alikaa hivyo muda mrefu kidogo.

"Imenyamaza," akasema.

"Kabisa?"

"Kabisa, Bwana Diploma. Imenyamaza."

Nilimwacha pale juu na watu wawili, nikashuka hadi njia panda na wengine. Nilishuka shimoni mwenyewe, maana sikuwa nyapara wa kusimama ukingoni na mikono mifukoni. Bolti za kwanza mbili zilipolegea, maji yalianza kuchuruzika. Nilidhani ni masalio yaliyobaki ndani ya bomba. Hata hivyo nilimtuma mtu akimbie juu kuuliza. Akarudi anahema.

"Anasema bado imenyamaza."

Nikalegeza ya tatu, na ya nne. Ya tano sikuilegeza, iliondoka yenyewe. Valvu iliruka pembeni kama mlango uliopigwa teke, na maji yote ya tangi la kilimani yakaingia shimoni kwa mkupuo. Yalinitupa ukutani, yakanivua kiatu, na lau wale watu wasingenishika ukosi ningefia pale. Barabara ya hospitali iligeuka mto. Udongo mwekundu uliteremka hadi kwenye uzio wa wodi. Waliponitoa nilipiga kelele, "Nani amefungua? Nani amefungua?" Hakuna aliyekuwa amefungua. Maji hayakuwa yamefungwa.

Tangi lilikauka kabla ya saa sita. Siku mbili mji haukuwa na maji, na wauguzi walichota mtoni kwa madebe.

Alhamisi tuliitwa ofisini, mimi na yeye, na karani wa kuandika. Mzungu hakuwa na kiko siku hiyo.

"Nani nafunga valvu ya juu?"

"Mimi," nikasema. "Nilifunga kulia, mizunguko saba, ikagonga. Na fundi wa kwanza akasikiliza, akaniambia imefungwa."

Mzungu akamgeukia. "Wewe nasema hii?"

Nilimtazama bila hofu. Nilijua la kujibiwa mbele ya Mzungu: kwamba tuliifanya pamoja, kwamba chuma ni kuukuu, kwamba bahati ilikuwa mbaya. Hata kama angekaa kimya ingenitosha.

"Hapana, bwana," akasema. "Aliniuliza kama inalia. Nikamwambia imenyamaza. Hakuniuliza kama imefungwa."

"Maana yake nini?"

Akaeleza taratibu, kama mtu anayefundisha darasa. Valvu ile ya juu na nyingine tatu za kabla ya vita zinafungwa kushoto. Mafundi wa zamani wanazijua, wanaziita za shoto. Ile ya juu wao huiacha nusu, ili maji yasishuke kwa nguvu na kupasua mabomba ya chini. Ikiwa nusu hupiga mluzi usiku na mchana, kwa kuwa maji yanajibana kupita. Mimi niliizungusha kulia, nikaifungua mpaka mwisho. Ilipofunguka yote, maji yalipita bila kujibana, na mluzi ukaisha.

"Kwa hiyo ilinyamaza," akasema. "Nilisema kweli."

Karani aliacha kuandika. Mzungu akauliza kwa nini hakunionya.

"Yeye ana diploma, bwana. Mimi ni mtu wa pomba."

Alilisema hivyo hivyo, pomba, akilitazama dirisha.

Nilimngoja nje, chini ya bati la stoo. Mvua ilikuwa imeanza kupiga. Alipotoka nilimzuia njia.

"Ningekufa mle shimoni. Unajua hivyo?"

"Sikujua utashuka wewe. Nyapara huwa hashuki."

"Na wale uliojua watashuka?"

Alifuta uso. "Nilidhani utarudi juu kuangalia," akasema. "Bolti ya kwanza ikilia maji, mtu hurudi juu."

"Nilituma mtu akuulize! Nilikuamini wewe, sikuamini bolti."

"Miezi mitano, ndugu yangu. Miezi mitano hukuniuliza neno lolote. Ungesema tu, hii inafungwa wapi? Ningekwambia. Jumatano ndiyo mara ya kwanza umetaka kitu kutoka kwangu, na kitu chenyewe kilikuwa sikio."

"Tulilala ngozi moja," nikamwambia.

"Ngozi ilikuwa ya baba yangu," akasema. "Na nilikupa upande wa katikati."

Nimeyapima maneno yale miaka mingi, na bado nasema hayatoshi. Kama nilimkosea, menjo ilikuwa na njia yake. Angekuja kwangu jioni, tungekaa, angenitukana mpaka achoke. Rika zima lingenishika na kunitoza mbuzi, na ningetoa. Hakuja. Alichagua sikio, kisha akachagua ofisi ya Mzungu.

Yeye alipewa unyapara wiki iliyofuata. Mimi nilipewa mwezi mmoja wa kumalizia, na kazi moja: kuchora upya ramani ya valvu zote za mji, kila moja na upande inaofungwa na idadi ya mizunguko yake. Wengine wangekataa kwa hasira. Mimi nilitaka ibaki mahali pale karatasi moja ambayo hakuna wa kuisahihisha. Lakini ilinibidi nizunguke naye, kwa sababu kila kitu kilikuwa kichwani mwake.

Tulitembea siku nne. Kwenye kila shimo alisema, "Kulia, kumi na mbili," au, "Shoto, kumi na nne." Kwenye kila shimo niliteremsha ufunguo, nikazungusha mwenyewe mpaka mwisho, nikaenda kwenye mfereji wa karibu kuona kama maji yamekatika, nikarudi, nikafungua, ndipo nikaandika. Alisimama akingoja. Hakukosea hata moja.

Siku ya nne, kwenye valvu ya mwisho, nilimpa ramani na kalamu.

"Tia sahihi. Kila mstari."

Alinitazama kama nimemtusi mama yake. "Tangu lini mimi na wewe tunatiliana sahihi?"

"Tangu Jumatano ile."

Alichuchumaa, akaiweka ramani juu ya goti, akaandika jina lake mstari kwa mstari, kwa herufi kubwa za mtu aliyejifunza ukubwani. Ilimchukua muda mrefu. Nilisimama juu yake na sikumsaidia. Alipomaliza alinirudishia, nikaikunja, nikapanda kilima kwenda kuikabidhi.

Baadaye nilijenga maji ya miji mitatu, na katika kazi zangu hakuna valvu iliyoruka. Ramani ile walikuwa bado wanaitumia baada ya uhuru, nimehakikisha. Alipofariki, watu wa rika letu walinitumia habari mapema, wakaniwekea nafasi ya kusema mbele ya kaburi kama mwenzake wa menjo. Niliwajibu kwa barua kwamba nina kazi. Nilikuwa nayo kweli, lakini ningeweza kwenda.