Picha Safi ya Winchi

Walimwita Winchi, na jina lilimkaa. Kwenye ghala la vifaa vya ujenzi alibeba mifuko miwili ya saruji kwa mpigo huku akipiga soga, na mkewe aliringa naye kwa majirani.

Mgongo ulipoanza kumuuma, alipigwa eksirei ya kiuno. Daktari akaiinua kwenye taa. "Mifupa safi, mzee. Meza vidonge, ikizidi urudi." Winchi akaipeleka picha nyumbani, na hapo ndipo alipojiponza. Mkewe aliibandika kwenye kioo cha dirisha, mkabala na kitanda, mwanga upite vizuri.

"Naumwa, mama watoto. Imezidi. Nirudi hospitali."

"Ukafanye nini? Hebu tazama dirishani! Mwanamume mzima!"

Kila akiguna, mkewe kidole dirishani. Shemeji yake, mdogo wa mkewe, alicheka mpaka kushika mbavu: "Winchi imeingia kutu!" Winchi akaona haya. Lo! Mtu anaumwa hadi jasho linamtoka, na bado anaona haya. Nguo zikampwaya, pumzi ikawa ya kukokota. Mkewe akasema ni uvivu unamkausha. Basi akarudi ghalani.

Mfuko wa kwanza haukufika begani. Kitu kililia ko! mgongoni, akaanguka kifudifudi, na miguu haikumtii tena.

Hospitali kubwa walimlaza kwenye mashine ya siti skani, lile duara kubwa, wakampiga picha kuanzia fuvu hadi magoti. Daktari wa picha, mama asiyejua kupamba maneno, akamgeuzia mke kioo cha kompyuta. Fuvu, mbavu, uti wa mgongo, nyonga: matundu kama chekeche.

"Saratani ya uboho. Inakula mfupa kutokea ndani, na eksirei haioni tundu mpaka mfupa uwe umeliwa sana. Hiyo picha safi unayonitajia ilikuwa ya mwanzo tu. Angerudi maumivu yalipozidi, tungemuwahi kabla uti haujabonyea. Miguu hiyo sasa, mama, siwezi kukuahidi kitu."

Mke akakimbilia wodini, akamwangukia mumewe kifuani, analia kwa sauti wodi nzima isikie.

"Baba watoto, mbona hukuniambia kama unaumwa hivi?"

Winchi akafungua kinywa amjibu. Macho yake, kwa mazoea, yakaenda kwanza kwenye dirisha la wodi, kuitafuta picha.